Saanane Si Saa, ni Mtu

Kila ninapokitaja kisiwa cha Saanane mbele ya watu, hakosekani wa kuuliza: "Hivi kwa nini wanakiita saa nane? Ndiyo saa ya kuvuka?" Nimeulizwa hivyo ndani ya basi la kutoka Kasulu kwenda Mwanza. Nimeulizwa kijiweni Kibondo, kikombe cha kahawa kikiwa bado mkononi. Likizo iliyopita nimeulizwa nyumbani, hapa Muyama, na mtoto wa kaka yangu anayesoma Mwanza, ambaye shule yao iliwapeleka huko kutembea. Kwenye daftari lake alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri maneno mawili, Saa Nane, na chini yake akachora saa ya ukutani. Mshale mfupi alikuwa ameuelekeza kwenye mbili, kama saa zetu zinavyosomwa.

"Saanane ni mtu," nikamwambia.

Akacheka. "Baba mdogo, unanitania. Mtu gani anaitwa saa?"

Sikumlaumu. Hata kwenye matangazo ya safari utakuta jina hilo limekatwa vipande viwili, kana kwamba ni ratiba ya boti. Mwenye jina hilo ni Mzee Saanane Chawandi. Alikuwa mvuvi na mkulima, na kisiwa kile kilikuwa chake kabla hakijawa cha taifa. Miaka sitini na kitu tangu aondoke, amegeuzwa saa ya mchana.

Msimamo wangu nauweka mapema ili asiyeupenda afungue ukurasa mwingine. Mahali pa mtu mmoja panapochukuliwa kwa faida ya wote, habari za yule mtu ni sehemu ya malipo yake. Fedha zikilipwa na habari zikafutwa, deni halijaisha. Na kaya isiyoandika habari za mahali pake huwaachia wengine waandike wanavyojua, au wachore saa.

Mvuvi, mawe na simba

Tuanze na kisiwa chenyewe. Kiko kwenye Ghuba ya Mwanza, kilomita 2 hivi kusini-magharibi mwa katikati ya jiji. Ukisimama Capri Point, jijini Mwanza, unakiona kama fungu la mawe lililosukumwa majini: miamba ileile ya mviringo iliyobebana ambayo imeipa Mwanza sura yake, miti imejipenyeza kwenye nyufa, pimbi wanaota jua juu yake. Ukivuka kwa boti, soga uliyoanza kumpigia jirani yako haijaisha mmeshafika. Hifadhi yote, pamoja na visiwa vyake vidogo vya pembeni na maji yanayoizunguka, ni kilomita za mraba 2.18. Kwa hesabu ya mkulima ni pungufu kidogo ya ekari 540, maji yakiwemo.

Hapo ndipo Mzee Saanane alipokuwa akivua na kulima. Mwaka 1964 serikali ikapachukua, ikaanzisha bustani ya wanyama, ya kwanza kuanzishwa na Tanzania yenyewe. Wakaletwa nyati, faru, tembo, simba, fisi, pundamilia, twiga, sokwe. Baadhi yao walikuwa wapitaji tu, kwa kuwa kisiwa kilitumika pia kama kituo cha kuwahifadhi wanyama waliokuwa wakipelekwa kisiwa cha Rubondo. Mwaka 1991 pakawa pori la akiba. Mwaka 2013 pakapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Leo utakutana na swala pala, ngedere, mamba na kobe, na wale mijusi wenye kichwa chekundu na mwili wa buluu wanaopiga pushapu juu ya mawe kama askari wapya.

Sitaki nieleweke vibaya. Mimi si mpinzani wa bustani ile. Mwaka 1964 nchi ilikuwa changa mno. Mwaka 1961 Mwalimu Nyerere alikuwa amekwishasema mbele ya wageni wa dunia pale Arusha kwamba wanyamapori ni amana tuliyokabidhiwa. Mwaka 1963 chuo cha Mweka kikafunguliwa ili Waafrika wasomee kazi hiyo. Lakini mtoto wa mitaa ya Mwanza kama Kirumba au Igogo angemwonea wapi tembo? Serengeti ilikuwa ya wenye magari. Bustani ndani ya ghuba ilimpa mtoto wa mchuuzi wa dagaa nafasi ya kumtazama simba usoni na kurudi nyumbani kula ugali. Hilo ni jambo jema, na aliyelibuni alistahili kupongezwa.

Ila wema una gharama, na gharama ina mtu anayeilipa. Mtu mmoja aliamka kwenye mawe yake, akazikunja nyavu zake, na mahali alipopanda chakula pakajengwa vizimba. Habari zake kwenye vipeperushi vingi zinaenea kwenye sentensi moja au mbili: aliitwa fulani, alikuwa mvuvi, kisha serikali. Baada ya hapo ni orodha ya wanyama. Je, ni haki habari za fisi ziwe ndefu kuliko za mwenye nyumba?

Wazee wetu walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi naona kwa Saanane imezidi hapo. Lake lipo, tena kila siku linatajwa na linakatiwa tiketi. Ni yeye tu ambaye hayupo.

Watu walitoka, sokwe wakaingia

Twende kule wanyama wale walikokuwa wanapelekwa. Rubondo ni kisiwa kikubwa upande wa kusini-magharibi wa Ziwa Victoria, na kina msitu mnene. Kabla ya kuwa pori la akiba mwaka 1965, Wazinza walikuwa wakiishi humo, wakivua na kulima migomba. Wakahamishiwa visiwa vya jirani na bara. Mwaka 1977 Rubondo ikawa hifadhi ya taifa.

Watu wakiwa wameshatoka, kati ya 1966 na 1969 waliingizwa sokwe 17. Walitoka Ulaya, kwenye bustani za wanyama na sarakasi, ambako walipelekwa baada ya kukamatwa wangali wachanga huko Afrika Magharibi. Kazi hiyo iliongozwa na Bernhard Grzimek, yule Mjerumani aliyeitangaza Serengeti duniani. Baadhi ya sokwe walikuwa wamezoea vizimba na kulishwa na watu. Wakajifunza upya kulala mtini na kujitafutia, wakazaana, na uzao wao upo mpaka leo. Ni kisa kizuri, na kila anayekisimulia hufurahi.

Mimi pia nakifurahia. Mtu wa Kigoma hawezi kuwachukia sokwe, kwani Gombe ni yetu, na dunia nzima ilikuja kuwafahamu sokwe pale baada ya Jane Goodall kushuka ufukweni Julai 1960. Lakini mwulize mtu aliyetoka kutembelea Rubondo: sokwe walioletwa walikuwa wangapi? Atakujibu bila kusita, 17. Mwulize kaya zilizotolewa zilikuwa ngapi, ziliongozwa na nani, na zilitua wapi. Atakodoa macho.

Mgomba lakini haujui kunyamaza. Mahali palipolimwa migomba, mwenyewe akiondoka, machipukizi huendelea kutoka mwaka hadi mwaka, yakisongwa na msitu bila kufa yote. Huko Rubondo, masalia ya mashamba ya migomba ya wale waliohamishwa yamebaki ndani ya msitu. Mhifadhi anaweza kuyaita mimea vamizi. Sisi Waha, ambao mgomba kwetu ni ua wa nyumba, tukiona mgomba porini tunajua hapo kulikuwa na mama anayepika.

Sisi nasi tuna visiwa vyetu

Pengine msomaji wa Muyama, Heru Juu au Kibondo mjini ananiuliza: ya ziwani yanatuhusu nini sisi wa milimani? Boti tunaziona tukishuka Kigoma. Kisiwa cha nani tumewahi kunyang'anyana?

Ndugu yangu, kisiwa ni mahali palipo pako na pakizungukwa na visivyo vyako. Hapa kwetu kila mlima ulikuwa na visiwa hivyo. Kabla ya ofisi za ardhi, Uha ilikuwa na mwami aliyewatawala watu, na ilikuwa na mteko aliyeiangalia ardhi. Mteko ndiye aliyemwonyesha mgeni pa kulima, na ndiye aliyejua mpaka unapita wapi, mvumu gani ulipandwa na nani, na bonde lipi limepumzishwa. Kaya zilikaa mbalimbali, kila moja na migomba yake, huyu upande huu wa bonde na yule ng'ambo. Ukitaka chumvi unaita kwa sauti.

Kisha ikaja Operesheni Kigoma ya mwaka 1972. Kaya zikateremshwa kwenye vijiji vya ujamaa, nyumba zikapangwa mstari kando ya barabara. Mwishoni mwa mwaka 1973 Mwalimu akatangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba kufikia mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini Tanganyika wawe wamehamia. Shule zilikuja kwa njia hiyo, pamoja na zahanati na mabomba, sitabisha. Mimi mwenyewe kalamu hii nimeifundishwa kwenye darasa la kijiji. Lakini milimani yalibaki mahame.

Marehemu bibi yangu alihamishwa na vitu vichache: vyungu, majembe, mikeka, kuku kwenye tenga. Jiwe lake la kusagia ulezi lilikuwa na sehemu mbili kama yalivyo yote, lile dogo la mkononi na lile kubwa la chini lililochimbika katikati kwa miaka ya kusaga. La mkononi alilifunga kwenye khanga. La chini lilikuwa zito mno, halikupakiwa. Tulipokuwa watoto alikuwa akitupandisha kule kukata ndizi, na kila tulipofika alianza kwa kulipangusa lile jiwe majani na kinyesi cha ndege, halafu ndipo anashika panga. Maji ya mvua yalikuwa yakituama kwenye lile shimo la katikati, na ndege walikuja kunywa.

Miaka mingi baadaye tukasikia mahame yale yanalimwa na mtu mwingine, naye akidai amepewa kihalali. Tukapeleka shauri barazani. Siwalaumu wajumbe, waliuliza kama ilivyowapasa: una andishi gani? Hatukuwa nalo. Una shahidi gani? Bibi mmoja aliyekuwa jirani wakati wa kuhama alikuwa tayari kuja, lakini alifariki kabla siku haijafika. Mzee wangu akasema lipo jiwe. Mjumbe mmoja akamtazama kwa huruma, akauliza: "Mzee, jiwe linasema?"

Tukashindwa. Mali bila daftari huisha bila habari. Methali hiyo tulikuwa nayo ukutani darasa la nne, imeandikwa kwa chaki ya rangi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda nyumbani kununua daftari.

Mataifa nayo hutafuta karatasi

Mtu anaweza kudhani kwamba kuhangaikia andishi ni woga wa maskini. Basi na atazame Migingo.

Migingo ni jiwe lililotokeza ndani ya Ziwa Victoria, karibu na mahali ambapo Kenya na Uganda zinapakana majini. Ukubwa wake haufiki ekari moja. Ukiliona pichani unadhani ni kobe aliyevaa mabati: nyumba za mabati zimebanana mpaka ukingoni, na mamia ya wavuvi wanaishi humo kwa ajili ya sangara waliojaa maji ya jirani. Wavuvi wa Kenya wanasema walihamia pale mwaka 1991, likiwa pori la magugu na ndege. Sangara alipopanda bei, bendera zikafika. Kati ya 2008 na 2009 nchi mbili zilitunishiana misuli kwa sababu ya jiwe hilo. Mei 2009 Rais Museveni akasema kisiwa ni cha Kenya lakini maji wanakovua ni ya Uganda. Hebu pima: nyumba yako, uani si kwako.

Na zilipotaka kujitetea, serikali hizo mbili zilikimbilia wapi? Zilifungua makabati. Zikatoa andiko la mpaka la Waingereza la mwaka 1926, lililoandikwa wakati babu za wavuvi wale wakiwa watoto. Nchi zenye majeshi na boti za doria zimerudi kwenye karatasi ya miaka themanini na ushei ili kujua jiwe ni la nani. Sasa wewe mwenye jembe na baiskeli unategemea nini? Unategemea kwamba kila mtu anajua? Wanaojua hufa, na wanaozaliwa hukuta saa imechorwa ukutani.

Hii si hadithi ya zamani pekee. Visiwa vidogo vina soko. Mwishoni mwa mwaka 2021 Zanzibar ilitangaza kuwakodisha wawekezaji visiwa vyake kadhaa vidogo. Kisiwa ambacho mvuvi alikuwa akitua kuanika nyavu, kesho kina geti la mbao na mlinzi mwenye redio. Uwekezaji una faida zake, ajira zipo, kodi ipo. Ninachouliza ni kimoja: kabla geti halijafungwa, kuna mtu aliyeandika nani alikuwa anatua pale?

Sheria imeshasema, tatizo ni sisi

Mwaka 1964 mtu kama Saanane alikuwa na haki ya aina gani? Ardhi yote ilikuwa ya umma, chini ya mamlaka ya Rais. Mwananchi wa kawaida aliishi kwa haki ya kimila, na sheria ilimhesabu kama mtu aliyepewa ruhusa ya kukaa. Haki hiyo ilikuwepo, lakini ilikuwa nyembamba mkononi mwa mnyonge. Ukiambiwa ondoka kwa faida ya taifa, ulikuwa na la kusema kidogo sana.

Iliyobadilisha mambo ni kesi iliyoanzia mashambani. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, wakulima wa Kambi ya Simba huko Mbulumbulu, walikwenda mahakamani kudai shamba lao la kimila lililopotea wakati wa vijiji vya ujamaa, na wakashinda. Mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria ya kuzifuta haki za kimila za zamani katika vijiji vilivyoanzishwa na zile operesheni, na kuyazima mashauri ya aina hiyo. Baba na mwana hawakurudi nyumbani. Shauri likafika Mahakama ya Rufani, na mwaka 1994 Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wakatamka kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali, na kama mali yoyote inalindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Huwezi kumwondoa mtu bila fidia ya haki. Wakaenda mbele zaidi: jasho ambalo mtu ameliweka kwenye ardhi lina thamani yake, na thamani hiyo lazima ihesabiwe.

Nikisoma maneno hayo nalikumbuka lile shimo katikati ya jiwe la bibi. Jasho lililochimba jiwe.

Baadaye zikaja Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 za mwaka 1999, zikaanza kutumika Mei 2001. Sasa fidia inatakiwa iwe kamili, ya haki na ya haraka. Kinachohesabiwa ni thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yake, posho ya usumbufu, gharama za usafiri, posho ya makazi na faida iliyopotea. Malipo yakicheleweshwa, riba inaongezeka. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa matumizi, mkutano mkuu wa kijiji una sauti. Eneo likiwa dogo kuliko hekta 250, mkutano ndio unaokubali au kukataa.

Rudia kuisoma orodha ile ya fidia. Utaona nyumba, migomba, usafiri, usumbufu. Hutaona mstari wa habari za mwenye mahali. Hakuna fomu inayouliza: hapa paliitwaje, nani alipafungua, nani amezikwa hapa? Mthamini atauhesabu mgomba wa bibi yako na kuupa bei. Jina la bibi yako halimo kwenye jedwali lake.

Ndiyo maana nasema Saanane anatudai. Na nadhani tunaweza kumlipa kwa gharama ndogo.

Deni linavyolipika

Kwanza, jina la kisiwa liandikwe kama neno moja, kila mahali, kuanzia mabango ya vijana wa boti hadi madaftari ya shule. Mahali pa kuvukia na pa kushukia pakiwa na maelezo ya wanyama, yatanguliwe na maelezo ya mtu: Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima, aliyeishi hapa mpaka 1964. Mwongoza watalii aanze na mzee kabla ya mjusi. Hilo haliongezi hata shilingi kwenye bajeti.

Pili, walimu. Ziara ya shule isiwe ya kuhesabu swala pala tu. Mtoto aulizwe: hapa alikuwa nani kabla yetu? Swali hilo ataondoka nalo, atafika nalo kijijini kwao, ataliuliza kwa babu yake. Hapo historia itakuwa imeacha kuwa orodha ya tarehe za kukariri na imekuwa kazi ya mikono.

Tatu, na hili ni letu wa milimani. Kijiji chako kikiwa na cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi, fuatilia Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Usingoje uchaguzi. Andikeni majina ya mume na mke, wote wawili, kwa sababu nimeona wajane wengi wakiulizwa kwa huruma ileile kama jiwe linasema. Pandeni minyaa mpakani, sawa, mila ni njema. Lakini minyaa hukatwa usiku, hati hukatwa mahakamani mchana, mbele ya watu.

Nne, daftari. Hati itataja ukubwa na mipaka. Haitasema nani alikata mti wa kwanza, wala kwa nini bonde lile linaitwa hivyo, wala nani alihamishwa mwaka gani na kwa gari la nani. Hayo utayaandika wewe. Daftari moja la kaunta linatosha ukoo mzima.

Wapo watakaosema historia haijazi sufuria. Kweli, haijazi. Lakini niliyekuwepo barazani siku ile naweza kuwaambia bei yake: karibu ekari tatu za migomba, kwa kukosa ukurasa mmoja wenye saini za majirani wawili. Sufuria ngapi hizo?

Mtoto wa kaka yangu kabla ya kurudi Mwanza alifuta saa yake. Karatasi ikachubuka kidogo, mduara bado unaonekana ukiinamisha daftari kwenye mwanga. Halafu akaniuliza tena, safari hii bila kucheka: "Na sisi, baba mdogo, hapa kabla yetu alikuwa nani?" Sikuwa na jibu la kumtosheleza. Nilianza vizuri, nikafika kwa babu wa babu nikakwama.

Kesho yake nilinunua daftari dukani. Ukurasa wa kwanza nimeandika jina la bibi, mlima alikohamishwa, mwaka, majina ya majirani watatu ninaowakumbuka, na mahali lilipo lile jiwe. Ni mistari tisa tu. Nyumbani kwako yupo mzee anayejua zaidi ya mistari tisa, naye yupo kibarazani. Mchukulie kiti, kaa chini, andika.